Dawa ya Usingizi kwa Punda: Jinsi Inavyogusa Moyo na Pumzi

SOMO LA KIKUNDI

Ndugu na dada wa vikundi, somo letu safari hii ni la punda. Wengi wenu mnaoleta mali soko la Daraja Mbili mnamjua vizuri. Yeye ndiye anashuka bondeni kwenye chemchemi na kupanda tena mlima na mitungi ya lita 20. Anabeba ndizi, mchanga, matofali na magunia ya mahindi. Kwa kikundi chenye punda mmoja au wawili, huyo ndiye gari la kikundi.

Sasa, siku moja punda huyo atahitaji kuhasiwa kwa sababu amekuwa mkali, au atahitaji kushonwa jeraha kubwa, au kukatwa uvimbe. Siku hiyo watu hufanya moja ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kumfunga kamba, kumwangusha chini, wanaume sita wakamkalia, na kumkata akiwa macho. Watu husema, "Punda ni mgumu, hasikii." Si kweli. Punda anasikia uchungu kama wewe. Tabia yake ni kunyamaza tu.

Kosa la pili ni kumwita mtu yeyote mwenye sindano. Anakuja na chupa mfukoni, anasema, "Hii ni ya kulaza tu, hapana shida." Hapimi uzito, hasikilizi moyo, na akishapiga sindano hahesabu pumzi. Punda analala kweli. Mara nyingine haamki.

Jambo tunalotaka kila mwanakikundi ashike ni hili: dawa inayoondoa uchungu na kuleta usingizi hufika pia kwenye moyo na kwenye mapafu. Kwa hiyo dawa tusiikatae, lakini itolewe na mtu aliyesomea, na sisi wenyewe tujue la kuangalia.

KWA NINI TUJALI HASA SASA

Punda wa Kenya wamepungua. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilipata punda zaidi ya milioni 1.8. Ile ya mwaka 2019 ilipata chini ya milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia mwaka 2016, vilifunguliwa viwanda vya kuchinja punda kwa ajili ya nyama na ngozi za kupeleka ng'ambo, na wizi wa punda ukazidi. Kumpata mwingine si rahisi kama zamani. Kumpoteza punda mzima, mwenye afya, kwa sababu ya sindano moja iliyopigwa vibaya ni hasara ambayo kikundi kingeweza kuiepuka.

KWANZA TUJUE HALI YA KAWAIDA

Huwezi kujua moyo umekwenda polepole kama hujui mwendo wake wa kila siku. Punda mkubwa aliyepumzika huwa hivi:

- Mapigo ya moyo: 36 hadi 52 kwa dakika.
- Pumzi: 12 hadi 28 kwa dakika.
- Joto la mwili: karibu digrii 37.
- Fizi: rangi ya waridi, na zina unyevu.

Kuhesabu pumzi, simama kando yake na utazame ubavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kuhesabu moyo, weka vidole viwili chini ya taya, mahali mshipa unapopita juu ya mfupa. Ukishindwa, weka sikio au kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili.

Bonyeza fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe, halafu achilia. Damu inapaswa kurudi kabla hujamaliza kuhesabu sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri.

Fanyeni zoezi hili nyumbani wakati punda ni mzima. Andikeni hesabu katika daftari la kikundi. Daktari akija, mpeni hesabu hiyo. Itamsaidia sana.

DAWA ZENYEWE NI ZA AINA TATU

1. Ganzi ya mahali. Hii hupigwa pale pale panapokatwa, na sehemu hiyo tu ndiyo hufa ganzi. Inayotumika sana ni lignokaini. Mnyama anabaki macho. Ikipigwa kwa kiasi na mahali panapofaa, haisumbui sana moyo wala pumzi. Lakini ikiingia kwa wingi ndani ya mshipa wa damu, inaweza kuvuruga mwendo wa moyo na kumletea mnyama kifafa. Ndiyo maana daktari huvuta kidogo bomba la sindano kwanza, kuona kama damu inaingia, kabla ya kusukuma dawa.

2. Dawa ya kutuliza. Punda anasimama lakini kichwa kinainama, mdomo wa chini unalegea, masikio yanaanguka. Inayojulikana zaidi ni zailazini. Nyingine ni asepromazini.

3. Nusukaputi, yaani usingizi kamili. Punda analala chini na hajui linalofanyika. Shambani, madaktari wengi hutumia ketamini baada ya zailazini. Katika hospitali kubwa za farasi huko ng'ambo, hutumia pia hewa ya kuvuta kama isoflurani.

DAWA HIZI HUFANYA NINI KWA MOYO

Zailazini hubana mishipa midogo ya damu. Kwa muda mfupi presha inapanda, na moyo unajibu kwa kupunguza mwendo. Baadaye ubongo nao, kwa sababu umetulizwa, unapunguza amri zake kwa moyo, na presha inashuka. Mapigo yanaweza kupungua sana, hata yakakaribia nusu ya kawaida, na pigo moja moja linaweza kurukwa kabisa. Kwa punda mwenye nguvu, aliyekunywa maji vizuri, mwili unavumilia. Kwa punda aliyepoteza damu, aliyeharisha, au aliyekonda kwa minyoo, hiyo ni hatari kubwa.

Asepromazini hufanya kinyume kwenye mishipa: huilegeza ikapanuka, na presha inashuka. Ukimpa punda aliyetokwa na damu nyingi, damu iliyobaki haitoshi kujaza mishipa iliyopanuka, na anaweza kuanguka. Tena, kwa punda dume, dawa hii inaweza kulegeza uume ukatoka nje na ukakataa kurudi. Daktari huipima kwa makini.

Ketamini huchochea moyo uende mbio kidogo na kushikilia presha. Hapo ndipo mnaona maana ya kuchanganya dawa mbili. Zailazini inashika breki, ketamini inakanyaga mafuta kidogo, na mwili unakwenda katikati. Lakini ketamini haitolewi peke yake kwa punda au farasi. Ikitolewa kabla mnyama hajatulia, misuli inakakamaa, anarusha miguu na kujipiga chini.

Hewa za kuvuta kama isoflurani hupunguza nguvu ya moyo na kushusha presha kadiri zinavyozidishwa. Presha ikikaa chini kwa muda mrefu, misuli mikubwa ya upande uliolaliwa haipati damu. Mnyama akiamka anashindwa kusimama. Kwa hiyo huko hospitalini mtu mmoja kazi yake yote ni kutazama presha na pumzi, tangu mwanzo mpaka mwisho.

NA KWA PUMZI JE?

Karibu dawa zote za kulaza hupunguza ule ukali wa ubongo wa kuamuru "vuta pumzi". Pumzi zinakuwa chache, au fupi. Ketamini ina desturi yake: mnyama huvuta pumzi, huishikilia kidogo, halafu hutoa. Msishtuke mkiona hivyo, ila endeleeni kuhesabu.

Lakini dawa si tatizo peke yake. Kuna mambo mengine matatu.

La kwanza ni kulala kwenyewe. Tumbo la punda ni kubwa na limejaa majani. Akisimama, tumbo linaning'inia chini na mapafu yana nafasi. Akilazwa, hasa chali, uzito huo wote unasukuma ule ukuta wa misuli ulio kati ya tumbo na kifua. Mapafu yanabanwa. Pafu la upande wa chini linapata damu nyingi lakini hewa kidogo, kwa hiyo damu inapita na kurudi bila oksijeni ya kutosha. Basi, kadiri anavyolala muda mrefu, ndivyo hatari inavyozidi.

La pili ni pua. Mbuzi au mbwa akizibwa pua atapumua kwa mdomo. Punda na farasi hawawezi. Wanapumua kwa pua tu. Sasa fikirini: zailazini inafanya kichwa kiiname, damu inajaa puani, pua inavimba ndani, na mnyama anaanza kukoroma. Ukiongeza kamba iliyokazwa juu ya pua, au kijana aliyekalia kichwa, mnamnyonga bila kujua. Watu watasema dawa ndiyo ilimuua, kumbe ni kamba.

La tatu ni hewa ya kwetu. Kisii mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingine za Nyamira zapita mita 2,000. Hapa juu kila pumzi ina oksijeni pungufu, karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Punda wetu wamezoea wakiwa wazima. Lakini punda aliyelala, mwenye pumzi chache na pafu lililobanwa, hana akiba kubwa.

HATA WATAALAMU HUPOTEZA WANYAMA

Mwaka 2002 ulitolewa utafiti mkubwa uliofuata farasi zaidi ya 40,000 waliolazwa kwa nusukaputi katika hospitali za nchi mbalimbali. Hata ukiondoa wale waliopasuliwa kwa ajili ya ugonjwa wa tumbo, karibu farasi 1 kati ya 100 alikufa katika siku saba zilizofuata. Sababu kubwa ilikuwa moyo kusimama. Nyingine zilikuwa kuvunjika mifupa wakati wa kuamka, na misuli kuharibika. Hizo zilikuwa hospitali zenye vyombo na madaktari. Binadamu mzima akilazwa hospitalini kwa operesheni ndogo, hatari yake ni ndogo zaidi mara nyingi sana.

Hatusemi haya ili muogope dawa. Farasi 99 kati ya 100 ni wengi. Tena kazi fupi ya shambani, kama kuhasi, haichukui muda mrefu kama upasuaji wa hospitali. Tunasema ili mjue kwamba kulaza punda ni kazi ya kitaalamu.

PUNDA SI FARASI MDOGO

Vitabu vingi vya dawa viliandikwa kwa farasi. Lakini mwili wa punda hutoa ketamini haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo anaweza kuanza kuamka mapema, kisu kikiwa bado kinafanya kazi. Daktari anayejua punda atakuwa na dawa ya kuongeza tayari mkononi. Asiyejua atashangaa punda anasimama na jeraha wazi.

Na ng'ombe naye si punda. Sikieni vizuri hapa. Ng'ombe anahitaji zailazini kama sehemu moja tu ya kumi ya ile ya farasi. Yaani, mtu akimpiga ng'ombe sindano ya kiasi cha farasi, amempa mara kumi. Ng'ombe atalala, tumbo litajaa gesi, chakula kinaweza kurudi kooni na kuingia mapafuni. Mbuzi na kondoo pia ni wepesi kudhurika. Kwa hiyo ile kauli ya "mimi nimezoea kudunga ng'ombe" haitoshi kwa punda, wala ya punda haitoshi kwa ng'ombe.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya siku:

- Muiteni daktari wa mifugo aliyeandikishwa. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2011, anayetibu mifugo lazima awe ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kumwomba aonyeshe cheti si utovu wa adabu. Ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo itawaelekeza.
- Mwambieni ukweli wote: umri wa punda, kama ana mimba, kama anakohoa, dawa alizopewa juzi, na kama alikataa chakula. Muulizeni pia juu ya kinga ya pepopunda, maana punda hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi.
- Msimnyime punda chakula kwa kubahatisha. Punda akikaa njaa muda mrefu, hasa mnene au mwenye mimba, mafuta huzidi katika damu na anaweza kufa kwa hilo. Fuateni maneno ya daktari.
- Msimfanyishe kazi siku hiyo.

Siku yenyewe:

- Chagueni asubuhi, mahali tambarare, penye nyasi au majani makavu. Si kando ya mtaro, si kwenye mteremko.
- Mleteni polepole. Punda aliyekimbizwa na kupigwa ana moyo unaokwenda mbio tayari, na dawa ya kutuliza haimshiki vizuri. Hapo mtu hushawishika kuongeza dawa, na moyo unabeba mizigo miwili.
- Kama ana mwenzake, mwacheni mwenzake asimame karibu. Punda wakitenganishwa huingiwa na hofu.
- Acheni daktari apime kifua kwa utepe akadirie uzito. Kiasi cha dawa hutoka kwenye uzito, si kwa kukisia na macho.
- Baada ya sindano ya kwanza, nyamazeni wote. Subirini mpaka kichwa kiiname.
- Akilala, legezeni kamba ya kichwani. Nyoosheni shingo. Wekeni gunia laini chini ya kichwa, na kitambaa juu ya jicho.
- Chagueni mtu mmoja wa kuhesabu. Awe mama au kijana, mradi ana saa na hana kazi nyingine. Aseme kwa sauti kila baada ya dakika mbili: pumzi ngapi, moyo ngapi, fizi rangi gani.

Mwambieni daktari mara moja mkiona haya: nusu dakika imepita bila pumzi, fizi zimekuwa nyeupe au za rangi ya samawati, mapigo yamepungua sana au hayasikiki, anakoroma kwa nguvu na hewa haitoki puani. Wekeni kiganja mbele ya pua kujua kama hewa inatoka.

Baada ya kazi:

- Mwacheni aamke mwenyewe. Msimvute mkia, msimmwagie maji, msimpige. Akilazimishwa kusimama kabla miguu haijapata nguvu, atavunjika.
- Watoto na mbwa wakae mbali. Mtu mmoja abaki naye mpaka asimame imara.
- Msimpe chakula mpaka awe macho kabisa, asije akakabwa.
- Apumzike kazi kwa siku ambazo daktari atasema.

Kumbuka pia: chupa za zailazini na ketamini zisibaki nyumbani kwa mtu. Zailazini ikimwingia binadamu, hata kwa kujichoma kwa bahati mbaya, hupunguza moyo na pumzi zake vile vile. Mtu huyo apelekwe hospitali haraka, na chupa ipelekwe pamoja naye ili daktari asome jina.

MASWALI YANAYOULIZWA

"Daktari ni ghali. Kwani hatuwezi kumfunga tu kama wazee walivyofanya?" Ni kweli gharama ipo. Lakini punda anayekatwa akiwa macho hupigana, hutokwa na damu nyingi, anaweza kuvunjika au kumvunja mtu. Tena sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inakataza kumfanyia mnyama operesheni bila uangalifu na utu. Vikundi vitatu au vinne vikiungana vikamwita daktari siku moja kwa punda wote, nauli yake inagawanywa.

"Je, ganzi ya mahali peke yake haitoshi?" Kwa jeraha dogo, daktari anaweza kutumia ganzi na dawa kidogo ya kutuliza, punda akiwa amesimama. Hiyo hupunguza shida ya mapafu kubanwa. Uamuzi ni wake baada ya kumwona mnyama.

"Duka la dawa za mifugo likituuzia, si tujidunge wenyewe?" Hapana. Kujua kupiga sindano ya minyoo si kujua kulaza. Kazi ngumu huanza baada ya sindano.

MAJADILIANO KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, punda huhasiwa vipi? Nani hufanya kazi hiyo, na ana cheti?
2. Kila mmoja ahesabu pumzi na mapigo ya punda mmoja aliyepumzika. Je, hesabu zetu zinalingana?
3. Kwa nini kamba iliyokazwa puani ni hatari zaidi kwa punda kuliko kwa mbuzi?
4. Mweka hazina atuambie: tukiweka kando kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya daktari wa mifugo, itatuchukua miezi mingapi kufikia gharama ya kuhasi punda mmoja? Na bei ya kununua punda mwingine ni ngapi?
5. Ni vikundi gani vya jirani tunaweza kuungana navyo kumwita daktari siku moja?

Katibu aandike majibu ya swali la 4 na la 5 katika kumbukumbu za mkutano, na kikundi kichague mtu wa kufika ofisi ya mifugo kabla ya mkutano ujao.